UZI: Bok, shule ya ufundi ya Philadelphia iliyofungwa 2013, na karakana zake zinazolipiwa kodi leo

Mzee wa Patasi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kuna ndugu aliandika humu kwamba shule za ufundi za mijini kule Marekani zilikufa kwa sababu vijana hawataki tena kuchafuka mikono. Nikamwambia nitakuja na uzi. Nimechukua shule moja tu, maana ukiifuata shule moja tangu msingi wake unachimbwa hadi siku kufuli linawekwa, utaona mambo ambayo maneno ya jumla huwa yanaruka.

Shule yenyewe ni Edward W. Bok, iliyokuwa South Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, mtaa wa Mifflin kati ya barabara ya 8 na ya 9. Ilikuwa sekondari ya umma ya ufundi. Wajenzi walianza 1935, wanafunzi wakaingia 1938, ikafungwa 2013. Miaka 75.

Tuanze na jengo, kwa sababu hili jengo lina jeuri. Ghorofa 8 za matofali, mtindo wa Art Deco, futi za mraba zipatazo 340,000, limekaa katikati ya vijumba vya ghorofa mbili tatu vilivyobanana ukuta kwa ukuta. Popote ulipo katika kitongoji kile unaliona. Aliyelichora ni Irwin T. Catharine, msanifu wa wilaya ya shule ya jiji, ambaye kati ya 1920 na 1937 alichora takriban shule 100 za Philadelphia. Yaani mtu mmoja ndiye aliyeamua vizazi vyote vya mji ule vingesomea chini ya dari la namna gani.

Hela ilitoka wapi wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi? Serikali kuu. Rais Roosevelt alipoingia 1933 iliundwa PWA, idara ya kazi za umma, chini ya Harold Ickes. Wengi wanaichanganya na WPA, lakini ni vitu viwili. WPA, iliyokuja 1935, iliwaajiri wasio na kazi moja kwa moja. PWA ilitoa ruzuku na mikopo kwa miji na majimbo, kisha wakandarasi binafsi wakajenga, na kuanzia 1935 ruzuku yake ilifika asilimia 45 ya gharama za mradi. Bok ni tunda la PWA. Jiji lililokuwa limefilisika likajikuta na kasri la mafundi.

Naendelea, msinikatishe.

Kibatari

Nimeshavuta kigoda mkuu. Ila huyo Bok mwenyewe ni nani? Alikuwa fundi?

Mzee wa Patasi

Tayari umenikatisha, haya.

Hakuwa fundi. Edward Bok alizaliwa Uholanzi mwaka 1863, akaletwa Marekani akiwa mtoto wa miaka 6, familia ikakaa Brooklyn. Akiwa na miaka 13 akaacha shule, akaenda kuwa tarishi wa ofisi katika kampuni ya simu za maandishi ya Western Union. Baadaye akahamia Philadelphia na kuhariri jarida la Ladies' Home Journal kuanzia 1889 hadi 1919, jarida lililovuka wasomaji milioni moja wa kulipia. Akaoa binti wa mwenye jarida, Cyrus Curtis. Wasifu wake alioandika mwenyewe ukapata tuzo ya Pulitzer 1921. Alifariki 1930, kwa hiyo shule haikumkuta hai.

Sasa angalieni. Shule ya kufundisha watoto kazi za mikono imepewa jina la mtu aliyeacha shule na kupanda kwa kalamu. Mimi siioni kama kejeli peke yake. Bok alikuwa mhamiaji, na South Philadelphia ilijaa wahamiaji, Waitaliano hasa, na Wayahudi. Ukimwambia mtoto wa mshona nguo "hili ni jina la mwenzako aliyeshuka kwenye meli bila Kiingereza", unampa kitu. Lakini ni kweli pia kwamba njia aliyopanda Bok siyo njia ambayo shule yake ilifundisha.

Kibatari

😂 Hapo umenimaliza. Tiririka.

Mzee wa Patasi

Bok haikuzuka tu. Nyuma yake kuna sheria, na bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini shule ziligawanywa vile.

Tarehe 23 Februari 1917 Rais Woodrow Wilson alisaini Sheria ya Smith-Hughes. Kwa mara ya kwanza serikali kuu ikaanza kulipia elimu ya ufundi katika shule za chini ya chuo kikuu, yaani kilimo, kazi za viwandani na maarifa ya nyumbani. Kwa kila dola ya serikali kuu, jimbo au jiji liweke dola yake. Hela hiyo ilikuwa ya mishahara na mafunzo ya walimu. Majengo na mashine mjitafutie wenyewe. (Ndiyo maana ujio wa PWA ulikuwa neema.) Na sheria iliweka masharti makali kwa shule za kutwa za ufundi: angalau nusu ya muda wa masomo uwe kazi ya vitendo yenye tija, na masomo yasipungue saa 30 kwa wiki kwa miezi 9 ya mwaka.

Nusu ya muda! Fikiria ratiba hiyo. Asubuhi karakana, mchana hesabu na Kiingereza, au kinyume chake. Mtoto wa aina hiyo hawezi kukaa darasa moja na mtoto anayeandaliwa kwenda chuo kikuu, ratiba haziingiliani. Ndipo miji ikaona rahisi kujenga jumba zima la ufundi pembeni. Philadelphia ilikuwa na shule ya Mastbaum katika kitongoji cha Kensington tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha Dobbins kaskazini na Bok kusini, zote mbili zao la muongo mmoja.

Mwalimu Chaki

Naomba niongezee hapo mkuu, maana ni eneo langu. Kabla sheria haijapita kulikuwa na mabishano makali. Upande mmoja David Snedden, kamishna wa elimu wa Massachusetts, na mwanafunzi wake Charles Prosser, huyu ndiye aliyeshika kalamu kubwa katika uandishi wa hiyo Smith-Hughes. Wao walitaka shule ya ufundi isimame peke yake na imwandae kijana kwa kazi mahususi kadiri inavyowezekana. Upande wa pili John Dewey, mwanafalsafa wa elimu. Mwaka 1915 walijibizana hadharani yeye na Snedden. Dewey hakupinga kazi za mikono, kinyume chake alizipenda sana. Alichopinga ni kumkata mtoto akiwa na miaka 14 na kumchonga aingie kwenye mashine iliyopo, badala ya kumpa akili ya kuibadilisha hiyo mashine.

Snedden na Prosser walishinda. Dewey akabaki kunukuliwa vyuoni.

Mzee wa Patasi

Asante Mwalimu. Na ukiiangalia Bok, unaona ushindi wa Prosser umejengwa kwa matofali. Mule ndani walifundisha uashi, bomba, ushonaji, ususi, upishi, ufundi magari, ufundi wa mashine, hadi kubandika karatasi za ukutani. Kila fani na karakana yake. Ukitaka kujifunza ususi unaingia kwenye saluni kamili, na ukitaka uashi unajenga ukuta halisi, unaubomoa, unajenga tena.

Na kazi zilikuwepo. Philadelphia ilijiita karakana ya dunia, na haikuwa majigambo matupu: treni za Baldwin, kofia za Stetson, nguo na mazulia ya Kensington. Mwisho kabisa wa South Philadelphia kulikuwa na karakana ya meli za jeshi la majini, ambayo wakati wa Vita ya Pili ilikuwa na wafanyakazi makumi ya maelfu. Kijana anamaliza Bok, kazi ipo kusini kwake palepale.

Lakini hapa ndipo nilipotaka kufika. Karakana ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni mlango wa kazi. Na mlango ule haukuwa wazi kwa kila mtu.

Kazi za ujenzi zenye mshahara mzuri, fundi bomba, fundi umeme, fundi chuma, zilishikwa na vyama vya mafundi. Kuingia kwenye chama unapitia uanagenzi, na nafasi za uanagenzi zilirithishwa, baba kwa mwana, mjomba kwa mpwa. Ukiwa Mmarekani mweusi huna mjomba kwenye chama cha mafundi bomba. Mei 1963 NAACP ya Philadelphia, chama cha kutetea haki za watu weusi, ikiongozwa na wakili Cecil B. Moore, iliweka vizuizi kwenye eneo la ujenzi wa shule ya Strawberry Mansion kwa sababu hiyo hiyo: shule inajengwa kwenye mtaa wa watu weusi, kwa kodi za wote, na mafundi weusi hawamo.

Miaka 6 baadaye, Juni 1969, Wizara ya Kazi ya serikali ya Rais Nixon ilitoa kile kilichoitwa Mpango wa Philadelphia, uliosimamiwa na Arthur Fletcher, mweusi. Wakandarasi wa miradi ya serikali kuu wakatakiwa kuweka malengo ya kuajiri watu wa makundi yaliyotengwa katika fani 6. Walipohesabu, watu wa makundi hayo walikuwa kama asilimia 1.6 tu ya wanachama wa vyama vya fani hizo. Katika mji ambao theluthi ya watu wake walikuwa weusi.

Mnaona? Unaweza kumfundisha mtoto bomba miaka mitatu, akajua kuunganisha kila kiungo, halafu akatoka na cheti kisichofungua mlango. Vijana hawakukataa kuchafuka mikono. Walichafuka, wakanawa, wakaambiwa hakuna nafasi.

Nyundo Saba

Mleta uzi hapa unatia siasa. Vyama vya mafundi ndivyo vilivyolinda mshahara wa fundi. Bila wao fundi bomba wa Marekani angelipwa kama mbeba zege. Kurithishana kulikuwepo hata kwa madaktari na mawakili, mbona hamsemi?

Mzee wa Patasi

Nyundo, sikatai kuhusu mshahara. Mimi mwenyewe ningependa chama cha namna hiyo kiwe upande wangu. Ninachosema ni kwamba chama kililinda mshahara kwa kubana mlango, na aliyebanwa nje alikuwa na rangi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Na kuhusu daktari, yeye alau shule yake haikudai kwamba ukimaliza kidato cha mwisho unaanza kazi Jumatatu.

Dada Mshazari

Na mtaani je? Waitaliano wa South Philadelphia waliwapokea vipi wanafunzi weusi?

Mzee wa Patasi

Swali zuri dada, na jibu lake linauma. Shule ya ufundi ilichukua watoto kutoka sehemu nyingi za mji, si wa kitongoji peke yake. Kadiri miaka ilivyokwenda wanafunzi weusi wakawa wengi, mtaa unaozunguka ukabaki wa weupe. Mwaka 1968 mvutano ukalipuka pale Bok, wakazi weupe wakaandamana dhidi ya shule, polisi wakawa wanawasindikiza wanafunzi weusi kwenda kwenye mabasi. Kumbuka pia hali ya mji mzima. Novemba 17, 1967, maelfu ya wanafunzi weusi walikusanyika mbele ya bodi ya elimu kudai historia yao ifundishwe, na polisi wa kamishna Frank Rizzo wakawashukia kwa virungu. Rizzo huyo baadaye akawa meya, na ngome yake ilikuwa South Philadelphia.

Kwa hiyo mtoto wa Bok wa miaka ile alikuwa anapita katikati ya watu wasiomtaka, anaingia kujifunza fani ambayo chama chake hakimtaki. Na bado walikwenda. Hilo mimi huwa nalifikiria sana.

Miaka ya 1970 na 1980 nitaipitia haraka kwa sababu kisa chake mnakijua, ni kile kile cha miji ya viwanda. Stetson ilifunga kiwanda chake cha Philadelphia 1971. Viwanda vya nguo vikahamia kusini mwa nchi kisha nje kabisa. Karakana ya meli ilitangazwa kufungwa 1991, ikafungwa 1996. Mji uliokuwa na watu 2,071,605 mwaka 1950 ulihesabiwa watu 1,517,550 mwaka 2000. Zaidi ya nusu milioni wameondoka. Na wakati huo huo fikra za elimu zikageuka: ripoti ya kitaifa ya 1983 ikapiga mbiu ya masomo zaidi ya darasani, majimbo yakaongeza masharti ya hesabu, sayansi na lugha, saa za karakana zikaliwa. Ilipokuja sheria ya mitihani ya 2002, shule ikaanza kupimwa kwa alama za kusoma na hesabu. Ukuta ulionyooka haukuwa na alama popote.

Kibatari

"Ukuta ulionyooka haukuwa na alama popote." Naiba hii.

Mzee wa Patasi

Iba tu.

Sasa kufuli. Desemba 2001 jimbo la Pennsylvania liliinyang'anya Philadelphia shule zake na kuziweka chini ya Tume ya Mageuzi ya Shule, watu 5, watatu wa gavana na wawili wa meya. Tangu 1997 jimbo lilikuwa pia na sheria ya shule za mkataba, zile zinazoendeshwa na taasisi binafsi kwa hela ya umma. Mwanafunzi akihama anahama na fungu lake. Lakini boila la kupasha joto jengo la ghorofa 8 linakula mafuta yale yale, awe ameondoka mmoja au mia tatu. Hesabu hiyo iliumiza wilaya mwaka hadi mwaka. Kisha 2011 hela za dharura za serikali kuu zilizotolewa baada ya mtikisiko wa uchumi zikaisha, na bajeti ya gavana Tom Corbett haikuziba pengo.

Desemba 2012 mkuu wa shule za jiji, William Hite, akapendekeza kufunga shule 37. Machi 7, 2013 tume ikapiga kura, shule 23 zikaondoka. Watu walikaa chini kuzuia njia ya kuingilia ukumbini, 19 wakakamatwa, akiwemo Randi Weingarten, rais wa chama cha kitaifa cha walimu. Bok ilikuwemo katika hizo 23. Germantown High nayo ilikuwemo, shule ya 1914, ikabakiza mwaka mmoja itimize 100. Juni wakapelekewa barua za kuachishwa kazi watumishi karibu 3,800 wa wilaya.

Wanafunzi wa Bok na fani zao wakaelekezwa South Philadelphia High, chini ya maili moja kutoka pale. Wapinzani wao wa jadi. Na ni shule ambayo Desemba 2009 wanafunzi wapatao 30 wa asili ya Asia walipigwa na wenzao kwa siku moja, hadi Wizara ya Sheria ya Marekani ikaingilia. Unawahamisha watoto kutoka shule ya ufundi waliyoichagua, unawapeleka huko. Karatasi ilisema jengo moja lina nafasi, jingine halijajaa, basi jumlisha.

Dada Mshazari

Na jengo? Lilibomolewa?

Mzee wa Patasi

Halikubomolewa. Lipo kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria tangu 1986. Mwaka 2014 liliuzwa kwa kampuni ya uendelezaji iitwayo Scout kwa dola milioni 2 hivi. Gawanya kwa futi 340,000, ni chini ya dola 10 kwa futi.

Kiangazi cha 2015 wakafungua baa juu ya paa, wakaiita Le Bok Fin, wakicheza na jina la Le Bec-Fin, mgahawa maarufu wa Kifaransa wa mji ule uliokuwa umefungwa. Kelele zikaanza. Watu wanakunywa divai juu ya shule ambayo miaka miwili tu nyuma ilikuwa na watoto, kitongoji kinatazama kutoka chini. Baadaye jengo likajaa wapangaji: masonara, wafinyanzi, wapuliza kioo, wasusi, waokaji, washona nguo. Ghorofa ya 8 ukafunguliwa mgahawa uitwao Irwin's, kwa heshima ya yule msanifu. Makabati ya wanafunzi na mbao za chaki waliyaacha, yanapendeza kwenye picha.

Taa Nyekundu

Mimi niliwahi kupanda pale juu, nilikuwa na jamaa anayeishi karibu. Mandhari ni balaa, mji wote uko mbele yako. Kusema kweli sikujua ilikuwa shule hadi nilipoenda msalani nikakuta choo kile kirefu cha shule, vyumba vimepangana, sinki chini chini. Nikamwuliza jamaa, akasema "ndiyo, mama mwenye nyumba wangu alisomea ususi hapa". Nilitulia kidogo.

Nyundo Saba

Sasa mnalalamika nini? Lingebaki tupu lingechomwa na wavuta unga. Mwekezaji kaliokoa, mafundi wamerudi, watu wana kazi. Germantown High jengo lilikaa miaka bila mtu. Chagueni.

Mzee wa Patasi

Nyundo, hapo nakupa nusu. Jengo tupu ni msiba wa mtaa mzima, na hawa wa Scout walilitunza kuliko wengi ambavyo wangefanya. Sina ugomvi na mpuliza kioo.

Kinachonikaa kooni ni hiki. Mwaka 2013 tuliambiwa hakuna haja ya jengo la ufundi la futi za mraba 340,000 katikati ya mji. Miaka michache baadaye karakana zile zile zimejaa watu wanaoshona, wanaooka, wanaosuka nywele. Fani zilikuwepo. Tofauti ni kwamba kijana wa zamani aliingia bure akiwa na miaka 15, na wa leo anaingia akiwa na mtaji na kodi ya mwezi wa kwanza.

Mwalimu Chaki

Na tuwe waangalifu tusiipambe Bok kupita kiasi. Shule hizi zilitumika pia kama mahali pa kuwatupia watoto ambao shule nyingine haikuwataka. Dewey alilisema hilo mapema. Kama nafasi ya chuo kikuu ilikuwa nyembamba kwa mtoto mweusi, basi "una kipaji cha mikono" ilikuwa namna ya adabu ya kumfungia mlango.

Mzee wa Patasi

Nakubali bila kupunguza neno, Mwalimu. Ndiyo maana sikuja na uzi wa kusema turudi 1938.

Kibatari

Swali la mwisho mkuu. Zile nyingine ulizotaja, Mastbaum na Dobbins, nazo zimegeuka baa?

Mzee wa Patasi

Hapana, zote mbili bado ni shule, bado zinasajili, siku hizi zinaitwa za taaluma na ufundi. Na ile tume iliyopiga kura ya kufunga ilijivunja yenyewe. Kura ya kujivunja ilipigwa Novemba 2017, shule zikarudi mikononi mwa jiji katikati ya 2018. Bok haikurudi pamoja nazo. Ilikuwa imeshauzwa.

Dada Mshazari

Leta na wa Dobbins basi.

Mzee wa Patasi

Nipe wiki mbili.